Zabuni za miche ya tishu zitangazwe mwaka mmoja kabla ya mvua

Kwa Mhariri,

Mvua za masika zinapokaribia, matangazo ya zabuni ya miche huanza kuonekana magazetini na kwenye mbao za matangazo za ofisi za kaunti. Zabuni huomba “miche chotara ya tishu”, yaani miche inayozidishwa chupani maabarani kutokana na kipande kidogo cha mmea, huiomba kwa maelfu, na hutaka ifike baada ya wiki chache. Sisi tunaofanya kazi ya maabara na vitalu hapa Kisumu na kaunti jirani tunaomba nafasi katika gazeti lako tueleze kwa nini agizo la namna hiyo haliwezi kutimizwa kwa uaminifu, na ni nini huharibika pale mtu anapolazimisha litimie.

Hesabu ya mgomba ni hii. Chipukizi likiingia maabara leo, zitapita wiki 4 hadi 6 kabla halijatulia na kuanza kutoa vichipukizi. Kutoka hapo hugawanywa kila baada ya wiki 4. Kila kipande kikitoa vichipukizi 3, mizunguko 6 itazaa 729, na hizo ni wiki 24. Wiki 4 nyingine ni za kuotesha mizizi ndani ya chupa, 6 hadi 8 ni za kuuzoesha mche hewa ya nje, na 6 hadi 8 tena ni za kuukuza kwenye mfuko wa kitalu hadi ufike kimo cha kupandwa. Jumla ni wiki 44 hadi 50, na hapo hatujatoa chupa zitakazooza. Anayetaka miche ya Machi anapaswa kuwa ameagiza Aprili ya mwaka uliotangulia. Zabuni ikitangazwa Januari, muuzaji atakuwa na njia mbili tu: kukusanya miche yoyote iliyopo bila kujali asili yake, au kuiharakisha ile iliyomo chupani. Zote mbili humwangukia mkulima, ambaye hagundui mpaka mkungu unapotoka.

Kuna pia mkanganyiko kuhusu maabara hufanya nini hasa. Kuzalisha chotara ni kuunganisha wazazi wawili kwa uchavushaji, kazi ya miaka mingi inayofanywa na vituo vya utafiti. Kuzidisha ni kuchukua mmea mmoja uliokwisha kuthibitishwa na kuutolea nakala nyingi zinazofanana nao. Maabara zinazouzia kaunti miche hufanya kazi hii ya pili, na haziongezi sifa yoyote ambayo mmea mama hakuwa nayo. Ukiingiza chipukizi la Ng'ombe, utatoa Ng'ombe. Ukiingiza Williams, utatoa Williams. Na tangu serikali ilipotangaza kuondoa marufuku ya GMO, yaani mazao yaliyobadilishwa jeni, Oktoba 2022, wapo wakulima wanaoikataa miche ya chupa wakidhani ni kitu kimoja. Ni kweli wanaotengeneza GMO nao hutumia chupa na agari, ile dawa ya kugandisha lishe, katika kazi yao. Lakini kuzidisha mgomba kwa tishu hakuingizi jeni ya kiumbe kingine, na kuuchavusha mgomba kwa chavua ya mgomba mwenzake hakuingizi pia.

Upande wa chotara wenyewe, maabara huingia mahali ambapo mbegu imeshindwa. Ndizi nyingi tunazokula hazina mbegu, hasa kwa sababu migomba yake ina seti tatu za kromosomu. Mtafiti anayetaka chotara huchavusha maua ya kike mapema asubuhi kwa chavua ya mgomba wa seti mbili, kwa mfano Calcutta 4, mgomba wa porini unaostahimili sigatoka nyeusi, ugonjwa wa majani ya migomba. Kisha huufunika mkungu kwa mfuko ili wadudu wasilete chavua nyingine. Mkungu mzima unaweza kutoa mbegu chache tu, au usitoe hata moja, na zikipandwa udongoni nyingi hazioti. Kwa hiyo mbegu husafishwa kwa klorini, hupasuliwa chini ya hadubini, na kiinitete huhamishiwa kwenye lishe ya madini na sukari, kwanza gizani, hadi kitoe mzizi na jani. Mche unaopatikana huwa na seti nne. Huchavushwa tena na wa seti mbili ili kupata chotara wa seti tatu asiye na mbegu. Kabana 6H, ndizi ya matoke iliyotolewa na taasisi ya utafiti wa kilimo ya Uganda, NARO, mwaka 2010, ni tunda la kazi ya namna hiyo. FHIA-17 na FHIA-23, zinazojulikana kwa wakulima wengi wa Afrika Mashariki, ni chotara kutoka Honduras.

Wakulima wa mpunga wa Ahero na West Kano wana mfano ulio karibu zaidi nao. Mpunga wa NERICA ulitokana na kuunganisha mpunga wa Kiafrika, CG 14, na wa Kiasia, WAB56-104, katika miaka ya 1990 kwenye kituo cha utafiti wa mpunga cha WARDA nchini Ivory Coast, chini ya Monty Jones wa Sierra Leone. Aina hizo mbili ziko mbali kiasi kwamba kiinitete cha mseto mara nyingi hufa ndani ya punje kwa kukosa chakula. Walikitoa mapema, wakakilisha maabarani, wakapata mimea tasa, wakaichavusha tena na mzazi wa Kiasia, kisha wakatumia ukuzaji wa vifuko vya chavua ili kupata mistari ya mbegu isiyobadilika kwa muda mfupi. Jones alishiriki Tuzo ya Chakula Duniani ya mwaka 2004 na Yuan Longping wa China. Ngano nayo ina njia yake. Ua lake huchavushwa kwa chavua ya mahindi, kromosomu za mahindi hupotea zenyewe, na kiinitete kinachobaki na nusu ya kromosomu za ngano huokolewa baada ya wiki mbili hivi. Kisha mche hutiwa kolchisini ili kromosomu zirudi maradufu. Mstari thabiti hupatikana kwa kizazi kimoja badala ya misimu 5 au zaidi, jambo kubwa kwa watafiti wa Njoro na kwingineko wanaoshindana na Ug99, aina kali ya kutu ya shina la ngano.

Tunayataja haya kwa sababu yana maana shambani. Mkulima aliyezoea mahindi ya H614 anajua kwamba akipanda tena punje za shamba lake, mazao hushuka, maana sifa za chotara hutawanyika kwenye mbegu. Mgomba chotara haufanyi hivyo. Chipukizi la FHIA-17 ni FHIA-17 ile ile kizazi baada ya kizazi, na hakuna sababu ya kumuuzia mkulima miche mipya kila msimu kwa kisingizio cha uchotara. Kinachochakaa ni usafi: fukusi, minyoo ya mizizi na virusi hujikusanya katika machipukizi ya shamba la zamani. Usafi huo ndio hasa unaonunuliwa kwenye mche wa tishu, na ndio hupotea kwanza kazi ikiharakishwa.

Chipukizi linalofaa ni lile la mkuki, lenye majani membamba, kutoka mgomba uliokwisha kuzaa na kuonekana mkungu wake. Anayechimba kwenye mgomba ambao haujazaa hajui anazidisha nini. Huoshwa kwa maji yanayotiririka na sabuni, hupunguzwa hadi kubaki kipande cha sentimita 2 hivi chenye ncha ya kukua, hutiwa kwenye spiriti ya asilimia 70 kwa sekunde 30 hadi dakika moja, kisha kwenye dawa ya klorini. Jik ya dukani ikichanganywa na maji safi kwa kiasi cha asilimia 30 inatosha, dakika 15 hadi 20, na matone mawili ya sabuni ya maji ili dawa ishike. Husuuzwa mara tatu kwa maji yaliyochemshwa kwenye otoklevu, chungu cha mvuke wa shinikizo kinachoua vijidudu. Klorini ikikaa muda mrefu zaidi, ncha huungua na kuwa nyeupe. Ikikaa muda mfupi, chupa huota ukungu.

Lishe tunayotumia ni ile ya Murashige na Skoog iliyochapishwa mwaka 1962. Kwa lita moja: gramu 4.4 za unga wa MS wenye vitamini, gramu 30 za sukari, miligramu 5 za homoni ya BAP na gramu 7 hadi 8 za agari. Sukari nyeupe ya dukani hufanya kazi vizuri, na anayelipia ya maabara kwa ajili ya migomba anapoteza fedha. BAP haiyeyuki kwenye maji matupu. Miligramu 100 huyeyushwa kwanza kwa matone machache ya sodiamu haidroksaidi, huongezwa maji hadi mililita 100, na kutoka hapo mililita 5 ndizo miligramu 5. Kipimo cha pH huwekwa 5.8 kabla ya agari kutiwa. Kikishuka chini ya 5, agari haigandi na vipande huzama. Kikipanda juu ya 6, agari hukakamaa na mizizi haipenyi. Mililita 25 hadi 30 kwa chupa, kwa hiyo lita moja hutoa chupa 33 hadi 40. Otoklevu ifike nyuzi 121 na ikae hapo dakika 15 hadi 20 kwa chupa ndogo. Ikizidi sana, sukari huungua na pH hushuka.

Chupa zikishapoa ziachwe siku 5 hadi 7 kabla hazijatumika. Hiki ndicho kipimo rahisi kuliko vyote na ndicho wenye haraka hukiruka. Ukungu ukiota kwenye chupa zisizo na mmea, kosa ni la otoklevu au la vifuniko, aghalabu stima iliyokatika katikati ya kazi na mtu akaendelea pale ilipoachia badala ya kuanza upya. Ukungu ukianzia mbali na mmea, juu ya agari, umetoka hewani au mikononi. Kabati la hewa safi liwashwe dakika 15 hadi 20 kabla ya kazi, meza ipanguswe kwa spiriti ya asilimia 70, na kisu kichomwe motoni kisha kipozwe kwa kila kipande. Uchafu ukianzia kwenye kitako cha mmea, umetoka ndani ya chipukizi lenyewe na hakuna kunawa mikono kutakakousaidia. Na kuna bakteria wanaojificha. Mizunguko miwili mitatu hupita bila dalili, kisha huonekana kama utando wa maziwa chini ya mmea, wakati vipande vya chupa hiyo vimeshaenea katika chupa nyingine nyingi. Ndiyo maana kila ukoo wa chipukizi huwa na namba yake, na namba ikichafuka hutupwa yote. Maabara iliyobanwa na tarehe ya zabuni huona uchungu kutupa. Hukata sehemu inayoonekana safi na kuendelea, na uozo huibukia kitaluni.

Kipande cha mgomba kilichokatwa hubadilika rangi kuwa kahawia au cheusi kwa sababu ya utomvu wake, nao utomvu huo ukienea kwenye lishe hukiua. Miligramu 100 za vitamini C kwa lita na kuhamishia kwenye lishe mpya baada ya siku chache hupunguza tatizo. Vichipukizi vinavyong'aa kama kioo na kuvunjika kwa kuguswa vimepata unyevu au homoni kupita kiasi, navyo havifai kuendelezwa.

Jambo linalotusumbua kuliko yote ni idadi ya mizunguko. Kila mgawanyo ni nafasi ya mche kugeuka, yaani kuacha kufanana na mmea mama, na BAP ikiongezwa ili vichipukizi viwe vingi, nafasi hiyo huongezeka. Kanuni inayokubalika ni chipukizi moja lisitoe zaidi ya miche 1,000 hivi, na mizunguko isizidi 6 hadi 8. Sasa fikiria agizo la miche 50,000 lililokuja ghafla, na maabara ina migomba mama michache. Kwa hesabu ya vichipukizi 3, mzunguko wa 9 hutoa 19,683 kutoka kwa chipukizi moja, na mtu hushawishika. Miche iliyogeuka katika jamii ya Cavendish, ambamo Williams imo, mara nyingi huwa mifupi, yenye majani mapana yaliyosongamana na vikonyo vifupi, na mkungu wake hukwama kwenye shingo ya mgomba. Mingine huwa na majani mazito kama mpira, yenye madoadoa. Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, ekari moja huchukua migomba takriban 450. Asilimia 5 ikigeuka ni migomba 22, hasara inayovumilika, na mingi ingeondolewa kitaluni na mtu mwenye jicho. Ikiwa asilimia 20 ni migomba 90, na mkulima ameimwagilia na kuitilia samadi mwaka mzima.

Chotara za migomba zina hatari yake ya ziada ambayo hatujaiona katika masharti ya zabuni. Migomba yenye asili ya mgomba pori wa balbisiana, ile inayoandikwa kwa herufi B, hubeba ndani ya kromosomu zake vipande vya kirusi cha michirizi ya ndizi. Kwenye mmea wa kawaida vimelala. Msukosuko wa kuzidishwa chupani unaweza kuviamsha, kama ilivyothibitishwa kwa FHIA-21, ambayo ni AAAB, yaani moja ya seti zake nne ni ya B. Mmea mama unaweza kupimwa ukaonekana safi, na watoto wake wakatoka na michirizi ya manjano inayokauka kuwa nyeusi. Kwa chotara wa aina hiyo kipimo cha mama peke yake hakitoshi. Lazima sampuli ya miche yenyewe ipimwe kabla haijatoka kitaluni. FHIA-17 na FHIA-23 ni AAAA, bila B, na hazina tatizo hilo.

Viazi vitamu vina shida tofauti. Marando ya Kakamega na Busia huangushwa zaidi na virusi viwili vinapokutana, kimoja kikiletwa na vidukari na kingine na inzi weupe. Kuvitoa huhitaji kupasha mmea joto la nyuzi 36 hadi 38 kwa wiki kadhaa, kisha kukata ncha ya kukua isiyozidi nusu milimita. Ncha ikiwa kubwa zaidi huishi kwa urahisi lakini hubeba kirusi. Ikiwa ndogo huwa safi lakini nyingi hufa. Hakuna njia ya mkato hapo. Ncha iliyoishi inapaswa kupandikizwa kwenye Ipomoea setosa, mmea unaoonyesha dalili upesi, kabla ya kuitwa safi. Miwa ya ukanda wa Kibos, Muhoroni na Mumias nayo hupata faida kubwa kwa tishu, kwa kuwa shamba la mbegu la hekta moja kwa njia ya kawaida hupanda hekta 10 hivi tu. Ila itokane na ncha ya kukua, wala si na majani yaliyogeuzwa kuwa madonge ya seli, maana madonge hugeuza miwa.

Mche ukitoka chupani, kazi ngumu ndiyo inaanza. Jani lililokua ndani ya chupa halina utando wa nta wa kutosha na vitundu vyake vya hewa havijui kufunga. Ukiuweka mche huo kwenye hewa ya Kisumu saa sita mchana, utakauka kabla ya jioni hata kama mizizi yake imo majini. Agari huoshwa yote kwenye mizizi kwa maji ya uvuguvugu, kwa sababu sukari iliyobaki huita ukungu. Mche hupandwa kwenye vijitrei vyenye changarawe nyepesi ya volkano, inayopatikana kwa wingi Nakuru, au nyuzi za nazi zilizopikwa kwa mvuke. Wiki mbili za kwanza hufunikwa kwa karatasi ya plastiki, unyevu usishuke chini ya asilimia 90, na kivuli kizuie zaidi ya nusu ya jua. Kuanzia wiki ya tatu plastiki huinuliwa kidogo asubuhi na jioni, kisha huondolewa. Majani ya chupa hufa pole pole. Yale mapya yanayotoka nje ndiyo yatakayouendeleza mche. Kwa hiyo kipimo cha mche uliozoea ni majani mapya 3 au zaidi, na urefu peke yake hausemi kitu. Ukishahamia kwenye mfuko wa udongo, samadi iliyoiva na mchanga, hukaa hadi ufike sentimita 25 hadi 30 na shina la unene wa kidole. Nakuru na Molo, ambako usiku ni baridi, hatua hii hurefuka, kwa kuwa mgomba karibu husimama kukua joto likishuka chini ya nyuzi 16. Miche iliyozoeshwa Kisumu na kupelekwa huko moja kwa moja hudumaa.

Tunawaomba maafisa wa kilimo wa wadi wasipokee mche wenye sentimita 10 kwa ahadi kwamba “utakua shambani”. Hautakua. Shimo liwe sentimita 60 kila upande, debe moja hadi mbili za samadi iliyooza, na maji lita 20 kwa wiki mvua ikikosekana kwa miezi 5 ya kwanza. Maboga na matango yasipandwe katikati ya migomba michanga, kwani vidukari hutoa humo kirusi cha mozaiki na mche wa tishu hukipokea upesi. Maharagwe yanafaa. Shamba lililokuwa na migomba yenye fukusi lipumzishwe kwanza, kwa kuwa mche huu laini ndio fukusi huupenda.

Na mche msafi si mche sugu. Mnyauko wa bakteria ulioingia magharibi mwa Kenya mwaka 2006 huua mgomba wa tishu sawa na wa chipukizi. Ua la kiume livunjwe kwa kijiti chenye panda mara kichane cha mwisho kinapotokeza, wala lisikatwe kwa panga, na panga lililotumika shambani lipitishwe motoni au kwenye Jik kabla ya kugusa mgomba mwingine. Anayepewa miche bila maelezo haya amepewa nusu ya kitu.

Tunachoomba kwa kaunti ni masharti machache ndani ya zabuni. Kila kundi la miche liwe na karatasi inayotaja aina, mahali mmea mama ulipo, idadi ya mizunguko, tarehe ya kutoka chupani, na matokeo ya kipimo cha virusi. Kwa chotara wenye B, kipimo cha miche yenyewe. Muuzaji awe amesajiliwa na kukaguliwa na KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea, na mkaguzi afike kitaluni mwezi mmoja kabla ya miche kusafirishwa, wakati miche iliyogeuka bado inaweza kuondolewa. Siku ya kuipokea, mfuko mmoja kati ya kila 100 upasuliwe mizizi ionekane: nyeupe na imeshika udongo wote. Gari lifunikwe, lisafiri usiku au alfajiri, na miche ishushwe kivulini siku hiyo hiyo. Igawiwe ndani ya wiki tatu za mwanzo wa mvua, la sivyo ibaki kitaluni na iendelee kulipiwa matunzo.

Kuhusu fedha, tunajua mwaka wa fedha wa kaunti huanza Julai, na agizo la Aprili huvuka mpaka wa bajeti. Dawa yake ipo. Agizo likitolewa Julai, miche huwa tayari Mei au Juni, na kwa kanda yetu yenye mvua za pili kuanzia Agosti na Septemba inapata msimu bila kungoja masika. Malipo yawe ya awamu tatu: sehemu moja migomba mama ikishakaguliwa, ya pili miche ikiwa na mizizi chupani na kipimo cha virusi kimetoka, na ya mwisho wiki nne baada ya kupandwa, kwa idadi ya miche iliyo hai. Muuzaji anayejua kwamba atalipwa kwa kilicho hai shambani hatausukuma mche wa sentimita 10 kwenye lori.

Ni sisi,
Wahudumu wa maabara na vitalu vya miche,
Kisumu.